Flashi ya Begani

Flashi mbili za kamera zilikuwa juu ya kaunta ya Champaklal, na Kalisti alizigeuzageuza asubuhi nzima. Alikuwa mtu wa kuchagua. Hata nyanya sokoni Shinyanga alizibonyeza mpaka wauzaji wakamkemea.

"Hii ndogo inatumia betri za tochi," Champaklal alimweleza. "Haina kelele, lakini mwanga wake haufiki mbali, na baada ya kila picha utangoja mpaka wateja wasinzie. Halafu betri za tochi utazipata wapi siku hizi? Mimi mwenye duka natembea gizani."

Alisema kweli. Tangu vita viishe, maduka mengi ya mji yalikuwa yakionyesha rafu tu.

Ile ya pili ilikuwa na betri kubwa ndani ya mkoba wa ngozi wa kuning'iniza begani. Unaichaji kwa umeme nyumbani, unakwenda nayo porini. Champaklal akawasha swichi. Mluzi mwembamba ukatoka mkobani, ukapanda, ukazidi kupanda, mpaka taa ndogo nyekundu ikawaka. Akabonyeza. Duka zima likawa jeupe, na mbwa aliyelala barazani akainuka akaenda zake.

"Inapiga mluzi," Kalisti alisema.

"Ndivyo inavyojaza moto. Bwana, unanunua mwanga au unanunua kasuku?"

Kalisti akacheka, akachukua ile ya begani. Mpiga picha yeyote mwenye akili angechagua hiyo, na kwa sababu hiyo namhurumia, lakini kidogo tu.

Alikwenda nayo Rwamgasa, ambako wachimbaji walikuwa wakililia picha za kupeleka makwao, tena si picha za kusimama mbele ya pazia, bali za chini kabisa, ndani ya duara, jiwe mkononi. Duara ni shimo la dhahabu, na lile alilopelekwa lilikuwa la Pantaleo, mtu mpole mwenye rozari shingoni.

"Masharti ya hapa ni mawili, Bwana Picha," Pantaleo alimwambia kabla hawajashuka. "Viatu unaacha juu. Na chini hatupigi mluzi. Hata ukifurahi vipi."

"Kwa nini?"

"Kuna anayeitika."

Kalisti akavua viatu. Kuhusu mkoba wake hakusema neno. Alijiambia kwamba mluzi hupigwa kwa mdomo wa mtu, na mashine haina mdomo. Ujanja wa namna hiyo huwa tunauita elimu.

Chini wachimbaji wakajipanga, matope mpaka magotini, mawe yameinuliwa. Kalisti akawasha swichi. Mluzi ukapanda kwenye kuta za shimo, na nyuso zote zikabadilika.

"Zima hiyo," Pantaleo akanong'ona.

"Si mimi ninayepiga. Ni betri."

"Zima, nakuomba!"

Kalisti akazima. Mluzi haukukoma, maana sasa ulikuwa ukitoka chini zaidi yao, kwenye tundu la maji lisilo na mtu, ukipanda taratibu kama ule wa mkoba, na pamoja nao ikaja harufu ya udongo mbichi na nywele zilizoungua, na mkobani ile taa nyekundu ikawaka ingawa swichi ilikuwa imelala, na Kalisti, ambaye mkono wake ulikuwa umezoea kubonyeza kila taa hiyo inapowaka, akabonyeza. Wote walikuwa wamekodoa macho. Aliwaona vizuri.

Walipanda juu wakipapasa kuta na kusukumana. Hakuna aliyemuaga.

Aliporudi Shinyanga, binti yake Philomena alimpokea mlangoni. Ndiye mtoto wake pekee, naye alimpenda hata watu wakamcheka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kaa hapo kwenye kigoda, nikumalizie filamu."

Wapiga picha wana tabia hiyo. Filamu haisafishwi mpaka iishe, na picha ya mwisho hupigiwa nyumbani, kwa mtoto, au kwa kuku asipokuwapo mtoto. Philomena akakaa, akatabasamu na pengo lake. Flashi ikawaka.

"Baba, washa taa," mtoto akasema.

"Taa ya nini mchana huu?"

"Washa, Baba. Mbona umezima?" Akanyoosha mikono mbele, akaanza kupapasa hewa.

Mkewe Serafina alimbeba mtoto hospitali, wakaambiwa macho ni mazima, hayana kasoro. Kalisti akajifungia katika chumba cha giza kusafisha filamu, kwani mtu aliyechanganyikiwa hukimbilia kazi anayoijua. Chini ya taa nyekundu, ndani ya dawa, nyuso zikaanza kujitokeza kwenye karatasi. Pantaleo amefumba macho. Wa pili yake amefumba. Wote wamefumba, na binti yake pia, macho yamebanwa kama kidonda kilichoshonwa. Ila katika ile picha ya shimoni, nyuma ya wachimbaji, alisimama mmoja ambaye Kalisti hakumpanga, mrefu kuliko duara lenyewe, na huyo peke yake alikuwa amefumbua, na kadiri karatasi ilivyokaa kwenye dawa ndivyo macho yake yalivyoongezeka usoni, mawili, kisha mengi, mpaka harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani na Kalisti akatoka mbio akipiga kelele.

Siku hiyohiyo dereva wa lori la pamba alileta habari za Rwamgasa. Pantaleo na wenzake wanaongozwa kwa fimbo.

Serafina akamwita Nyamizi, nfumu, mganga aliyeogopwa mpaka Songwa. Mama huyo akafukiza dawa, akamfunika mtoto shuka. Philomena akatulia. Kisha mluzi ukatoka chini ya shuka.

"Nani amekuita?" Nyamizi akauliza kwa sauti ya chini.

"Baba yake," sauti ikajibu, nzito, yenye maji. "Nilikuwa nimelala gizani tangu zamani. Akanipigia mluzi, akanionyesha macho. Nimeyapenda."

"Rudisha macho ya mwanangu!" Serafina akalia.

"Yake nimeyala. Leteni mengine. Nitaonja, kisha nitamvika."

Nyamizi akaanza kukusanya vibuyu vyake.

"Unakwenda wapi, mama?" Kalisti akamshika mkono.

"Mayu, mama wa mtoto, nisikilize wewe," Nyamizi alimwambia Serafina, kama vile Kalisti hayupo. "Vunjeni mashine hiyo sasa hivi. Mtoto atakuwa kipofu, lakini atakuwa wenu. Mimi nafukuza kitu kisichotakiwa. Hiki naona mmeshaanza kukisikiliza." Akatoka.

Kalisti akachukua nyundo. Aliuweka mkoba sakafuni, akainua mkono, machozi yakimtiririka. Serafina, ambaye parokia nzima ilimsifu kwa huruma yake, akamshika kiwiko.

"Nkome kuna harusi," akasema polepole. "Wametafuta mpiga picha, hawajapata."

Wakatazamana. Kalisti akaurudisha mkoba begani.

Nkome walimpokea kwa vigelegele. Bwana harusi, kijana mvuvi aitwaye Eustace, alimletea maji ya kunawa kwa mikono yake mwenyewe. Bibi harusi alikuwa na macho makubwa, ya kucheka, na Kalisti aliyachagua kabla hajafungua mkoba. Alimwomba asogee peke yake, penye kivuli. Taa nyekundu ikawaka yenyewe. Wakati bibi harusi anaulizia mbona pamekuwa giza, Kalisti alikuwa tayari njiani.

Philomena alimkimbilia toka mbali, bila kujikwaa, akamrukia shingoni. "Nakuona, Baba! Nakuona!" Kalisti akalia kwa furaha, nami sitasema haikuwa furaha ya kweli. Serafina akapika wali.

Walipokuwa wanakula, machozi yakaanza kumdondoka mtoto kwenye sahani. Hakuwa akilia. Mdomo wake ulikuwa unatafuna kama kawaida.

"Yanatoka yenyewe, Mama," akasema. "Kila nikimwangalia Baba hayamtaki. Yanamtafuta mtu. Eustace ni nani?"

Kijiko kikamponyoka Kalisti. Jina hilo hakulitaja ndani ya nyumba ile.

Serafina akavuta upindo wa kanga, akampangusa mtoto taratibu.

"Usijali, mwanangu. Kama haya yanakusumbua, baba yako atakuchagulia mengine."