Ombi la Saa Moja Jioni

Nilitoka sokoni Kibuye na waya mpya wa mtandao nimeuviringisha kwenye mfuko. Wa zamani ulitafunwa na panya usiku wa kuamkia siku hiyo. Nilitaka kufika ofisini ufuoni, niuchomeke, nirudi kwangu Mamboleo kabla giza halijashika njia.

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na watu wanane. 

"Injinia," akasema Obiero, meneja wetu. "Umefika wakati mzuri. Keti utusomee."

Katikati yao, kwenye kiti cha plastiki, aliketi Okello. Walimketisha, niseme hivyo. Mdomo wake ulikuwa umevimba upande mmoja.

Nikajua ni habari ya Sydney.

Kampuni yetu hufuga samaki kwenye vizimba ziwani, na walinzi huvilinda kwa mitumbwi. Kila mlinzi ana simu ya ofisi. Kila saa hubonyeza kitufe, na simu hutuma ombi kwa seva, yaani ile kompyuta iliyo juu ya meza yangu. Seva humjibu: Nimekusikia. Asipobonyeza, mashua hutoka kumtafuta. Programu hiyo niliiandika mimi.

Siku tano kabla ya hapo, Sydney hakubonyeza. Mashua ilitoka ikaukuta mtumbwi wake umepinduka kando ya magugu maji. Mwili haukuonekana. Simu haikuonekana.

Kesho yake, saa moja jioni, ombi likaingia.

Mlinzi: Sydney.

Na seva yangu, mjinga yule wa chuma, ikamjibu.

Nimekusikia, Sydney.

Tangu hapo lilikuja kila jioni, saa moja kamili.

"Huyu ndiye aliyekuwa zamu naye," akasema Oketch, kaka yake Sydney. Hakupaza sauti. Kiganja chake kilikuwa juu ya bega la Okello, kimetulia kama jiwe. "Ameficha simu ya ndugu yangu. Anatuchezea uchawi. Wewe soma tu, halafu tutamalizana naye huko nje."

Nje, nyuma ya nyavu, niliona vijana wengine. Mmoja alikuwa na tairi.

Nikauchomeka waya mpya, nikafungua kumbukumbu. Kila ombi hubeba kichwa, mistari mifupi inayotangulia ujumbe, kama maandishi ya nje ya bahasha. Anayetuma ni nani. Simu ni ya aina gani. Betri ina kiasi gani. Programu huusoma kila mstari kwa jina lake, inachukua thamani, inaendelea.

Nikawasomea.

"Mlinzi, Sydney. Simu, ya ofisi. Chaji..."

Nikausoma mstari tena.

"Chaji nini?" akauliza Obiero.

"Siku ya kwanza, tatu kwa mia. Siku ya pili, sifuri. Ya tatu, sifuri. Ya nne, sifuri."

Mtu alikohoa. Dirishani upepo ulileta harufu ya omena na magugu yanayooza.

"Simu isiyo na chaji inatuma aje?" Obiero akanitazama kana kwamba nimeiweka sifuri hiyo kwa mkono wangu. Huenda alinishuku mimi pia. Mimi nilimshuku yeye, maana ni yeye aliyekuwa akigawa simu. Nilimshuku Okello zaidi. Kijana mwerevu yule, na kichwa cha ombi si kiapo. Yeyote anayejua kuandika anaweza kuandika jina analotaka. Seva haina macho. Husoma ilichopewa, ikaamini.

Mama Dorca, mama yake Sydney, alikuwa ameketi sakafuni karibu na mlango. Sikuwa nimemwona.

"Nyathina," akaniita, yaani mwanangu, kwa sauti ndogo, kama anavyomwita kila mtoto wa mtu. "Hiyo mashine inamjibu?"

"Ndiyo, Mama. Hujibu kila anayeita."

"Kwenu Bungoma hamkufundishwa? Jioni ukiitwa na mtu usiyemwona, huitiki. Nyawawa, pepo wale, wanapita na majina ya watu mdomoni. Ukiitika, umewapa jina lako. Unachukua sufuria, unapiga mpaka waende ziwani." Akatikisa kichwa. "Nyinyi mmeweka chuma kiitike."



Saa ya ukutani ilikuwa saa moja kasoro dakika nane. Obiero akatoa hukumu. Okello apekuliwe, mikono yake ikae juu ya meza, macho yote yawe kwake. Ombi likija, basi si yeye. Lisipokuja...

Hakuimaliza.

Wakampekua mpaka soksi. Akaweka mikono mezani.  Nikageuza skrini ili wote waone orodha ya maombi.

Saa moja kamili.

Hakuna.

Dakika moja ikapita. Kwa mbali, mtaani, mtu alianza kupiga sufuria. Mwingine akamjibu. Mlio ule ukatembea nyumba kwa nyumba kuelekea majini.

Dakika mbili. Orodha ilikuwa vilevile.

"Haya," akasema Oketch.

Akamshika Okello kwenye kola.

 Okello alinitazama. Nikaona tairi lile likitembezwa nje ya dirisha, likibingirika polepole.

Mikono yangu ilikuwa kwenye kibodi. Sikufikiri. Niliandika ombi mwenyewe, mistari mitatu, harakaharaka, kama mtu anayefunga mlango. Mlinzi, Sydney. Simu, ya ofisi. Chaji, sifuri.

Nikalituma.

Skrini ikameta. Jina likatokea mbele yao wote. Nimekusikia, Sydney.

Mama Dorca alijifunika uso na leso. Oketch akaiachia kola taratibu, akarudi nyuma hatua mbili, akaifuta mikono yake kwenye suruali. Mmoja mmoja wakatoka. Obiero alikuwa wa mwisho.

"Kumbe si yeye," akasema, na hakunitazama.

Okello alipita mbele yangu bila kushukuru.

Nilibaki kufuta ushahidi wangu. Skrini ya ofisi huonyesha tu maombi yaliyoandikwa anwani ya seva yetu. Kumbukumbu za chini huhifadhi kila kitu, hata yasiyotuhusu. Nikazifungua nitafute ombi langu la uongo.

Nikakuta mawili.

La kwanza liliingia saa moja kamili.

Mlinzi, Sydney. Chaji, sifuri. Ila mstari mmoja ulikuwa umebadilika, ule ambao sikuwahi kuutazama. Kila kichwa hubeba mstari wa anayeitwa, unaojijaza wenyewe, yaani ombi limeelekezwa kwa nani. Siku zote ulikuwa na anwani ya seva yetu. Ndiyo maana leo skrini haikulionyesha.

Anayeitwa: Okello.

Na seva, isiyojali anaitwa nani, ilikuwa imeitika kwa niaba yake.

Niliuchomoa ule waya mpya, nikauchomeka tena. Niliogopa kuuacha na niliogopa kuuondoa.

Kwa siku tisa ombi lilikuja saa ileile, na jina lilelile kwenye mstari ule. Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Kwamba nimemwokoa Okello kwa uongo, na ukweli uliofika kabla yangu unamtaja yeye?

Jioni ya kumi alikuja mwenyewe. Alikuwa amekonda. Aliketi kwenye kiti kilekile cha plastiki.

"Nekoye," akanong'ona. "Nani ananiitikia?"

Nikahisi baridi kwenye meno.

"Unamaanisha nini?"

"Nasikia akiniita. Kila siku. Nikifungua mdomo, kuna kitu kinaitika kabla yangu. Basi ananyamaza mpaka kesho." Akaielekezea kompyuta kidevu. "Ni hii?"

"Ulimfanya nini Sydney?"



"Giza lilikuwa linaingia. Nilikuwa kizimba cha tano. Sauti ikatoka kwenye magugu. Okello. Okello. Sikuona mtu. Mtaani walikuwa tayari wanapiga sufuria. Nikajua ni nyawawa." Akakunja ngumi kama ameshika mpini. "Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nikachukua kasia, nikalipiga bati la mtumbwi. Nikapiga, nikapiga. Sauti ikaniita tena. Nikaongeza. Nilipiga mpaka ikanyamaza. Kumbe alikuwa Sydney."

Nje ziwa lilikuwa likiramba mawe.

"Zima hiyo kitu," akasema. "Wacha nimwitikie. Mara moja tu."

Nilimtazama. Huenda alisema kweli. Huenda hadithi ile aliitunga akiwa amelala macho, maana mtu aliyemzamisha mwenzake angehitaji hadithi kama hiyo hasa. Uso wake haukuniambia. Nilitafuta mstari wa kusoma juu yake, sikuupata.

Saa moja kasoro dakika mbili nikaandika amri. Pokea. Usijibu.

Saa moja, ombi likaingia. Seva ikanyamaza kwa mara ya kwanza.

Chumba kikajaa harufu ya maji ya chini, yale yasiyofikiwa na jua.

Okello akainua kichwa kuelekea dirishani.

"Niko hapa," akasema. "Niko hapa, ndugu yangu."

Basi. Hakuna kilichovunjika, hakuna kilichopiga kelele. Akasimama, akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kimelowa. Akatoka.

Ombi halikurudi tena, si kesho yake, si wiki iliyofuata. Okello yuko kazini, hakosi zamu. Wenzake wanasema amekuwa mgumu wa kusikia. Ukimwita Okello, hageuki. Inabidi umguse.

Jumamosi iliyopita nilimpelekea Mama Dorca sukari. Jua lilikuwa linazama. Mama akasimama mlangoni, akasahau, kama akina mama wanavyosahau, akamwita mwanawe aje kula.

"Sydney!"

Kutoka kwenye mitumbwi, sauti ya Okello ikajibu papo hapo.

"Abiro, Mama." Naja.

Nilimgeukia yule mama. Nilitaka kumshika mkono, nimzuie asiite tena. Yeye hakushtuka. Aliingia ndani, akachukua sahani ya pili, akaanza kupakua chakula.