Kadi ya Kaptembwo

Jebet alimkuta Obura katika hadwea moja katikati ya Nakuru, duka limejaa mafundi wanaosukumana, naye ameshikilia koki ya mwisho ya inchi mbili. Jebet alikuwa na buti zilizojaa tope la Molo na sketi ya bluu aliyoipiga pasi kwa mkutano ambao tayari ulikuwa umeanza.

"Boss, hiyo koki naihitaji."

"Hata mimi, madam. Na mimi ndiye nimeishika."

"Kuna nyumba mia mbili hazina maji huko Molo!"

Obura alitazama buti, akapandisha macho hadi usoni, akacheka. "Basi chukua. Lakini namba yako ya simu inabaki hapa."

Kufikia Pasaka Obura alikuwa fundi katika timu ya mabomba aliyoiongoza Jebet. Kufikia Agosti alikuwa wake kabisa, na kwa kuwa mapenzi ni kikohozi, ofisi nzima ilijua.

Timu ilikuwa na kazi nyingi kuliko mikono. Kila kazi iliyosubiri iliandikwa kwenye kadi ikabandikwa ukutani, na kila Jumatatu Jebet alizipanga upya kwa alama: penye nyumba nyingi zilizokauka, kadi ilipanda juu. Alama alizihesabu mwenyewe, wala hakuna aliyemhoji.

Januari ikaja kadi ya Kaptembwo. Bomba lilikuwa limepasuka, nyumba mia tatu hazina tone, na katika mojawapo, ghorofa ya nne, aliishi mama yake Obura. Kwa haki ilikuwa ya kwanza. Lakini asubuhi hiyo fundi Wanyoike alitupa mzaha: "Leo mama mkwe wa boss anapata maji, ama?" Watu wakacheka. Jebet naye akacheka, huku moyo unamuuma. Kuitwa mwenye upendeleo alikuogopa kuliko ugonjwa.

Akaipunguzia alama, kadi ikashuka chini kabisa. Mau Narok ikaipita. Molo ikaipita mara mbili.

"Babe, na Kaptembwo je?" Obura aliuliza mara moja tu, kwa simu, mwezi wa Machi. "Mathe anapandisha mitungi kila siku."

"Zamu yao itafika, mpenzi. Kuna wenye shida zaidi."

"Sawa. Wewe ndio unajua."

Hakuuliza tena, kwa sababu alimwamini.

Mwezi wa Mei mama aliteleza ngazini na mtungi wa lita ishirini, nyonga ikavunjika. Daktari alisema hatatembea tena. Obura akaacha kazi ili amrudishe Siaya amtunze, na hakumlaumu Jebet hata kwa neno moja. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Siku ya kuhama Jebet alienda Kaptembwo, amevaa gauni la kijani alilonunuliwa na Obura. Alimkuta nje ya mlango akifunga godoro kwa kamba.

"Umependeza, mami," Obura alisema, akajaribu kutabasamu. "Punguza hizo kazi zako, halafu uje Siaya. Nitakuoa huko huko, hata kama ni mwakani. Utakuja?"

Angesema ndiyo tu, yangeisha. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini angeolewaje na mtu asiyejua?

"Obura, Kaptembwo ilikuwa ya kwanza."

"Ya kwanza wapi?"

"Kwenye alama. Tangu Januari. Niliishusha mimi, wasije wakasema nakupendelea."

Alingoja matusi. Obura aliinama akamaliza fundo, polepole, kisha akalikaza.

"Kumbe ningekuwa mtu baki kwako," alisema, "mathe angekuwa anatembea."

"Nisamehe, mpenzi. Tafadhali."

Sauti ya mama ikatoka ndani. "Obura, ni Jebet huyo? Mbona haingii?"

"Ni mtu wa ofisi, mama," Obura alijibu. "Ameshaenda."

Jebet alikuwa bado amesimama mbele yake.