Nilibonyeza "Mzembe" Nikijua Ni Dada Yangu

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na tisa na ninaishi Kimbo, Ruiru. Siandiki ili mnionee huruma. Huruma ya nini?

Kazi yangu ilikuwa kutazama video fupi za wafanyakazi wa viwanda vya hapa kwetu. Sura zao zilifichwa. Ukiona mtu anajituma, unabonyeza "Anafanya kazi". Ukiona ametulia, unabonyeza "Mzembe". Hivyo ndivyo tulivyoifundisha kompyuta kuchunga watu.

Lakini na sisi tulichungwa! Katikati walichomeka video za mtihani, ambazo majibu yake walikuwa nayo tayari. Ukikosea tatu kwa wiki, unaenda nyumbani. Na huwezi kujua ipi ni mtihani...

Asubuhi moja akatokea mwanamke ameketi juu ya kreti, mguu wa kushoto ameunyoosha, akilisugua goti kwa mikono miwili. Hata bila sura, nilimjua papo hapo kwa goti lile. Dada yangu Nyokabi, anayepakia biskuti Thika! Goti lile aliliumiza akichuma kahawa ili mimi nimalize shule.

Kulikuwa na kitufe cha "Sina hakika", ila kwenye mtihani kilihesabiwa kosa. Nami nilikuwa nimeshakosea mbili. Nikabonyeza "Mzembe". Video nyingine ikaja. Sikuhisi kitu.

Baada ya wiki tatu Nyokabi alifutwa kazi. Aliambiwa mashine imeonyesha anapumzika kupita kiasi. Sijui kama ni kidole changu pekee, lakini kilikuwemo! Akaacha nyumba aliyopanga Makongeni, akahamia kwangu na mtoto wake. Kila asubuhi alinipikia chai nikienda kazini... na mimi niliinywa.

Siku moja akasema, "Huyo mwenye alikuwa anatuangalia, si angeuliza tu mguu uko na shida gani?"

Nikamwambia ni mimi. Akauliza kama nilijua ni yeye. Nikasema ndiyo.

Alikunja nguo za mtoto, moja moja, akaondoka. Sasa anafulia watu Ngoingwa, amesimama kutwa kwa goti lile lile. Simu zangu hashiki.

Mwezi uliofuata tuliachishwa kazi sote. Kompyuta imeshajua, walituambia, haituhitaji tena.

Mpaka leo sijalia. Nawasihi, ukiwekwa mahali pa kumhukumu mtu, na unajua kwa nini ameketi, sema unajua! Wakikufuta, wakufute. Mimi kazi niliikosa vilevile, na dada sina.