Swali Lililofutwa

Mwaka 2009, ndege mbili zilitua Juba kwa mpigo, na uwanja ukawa kama kichuguu kilichopigwa teke. Mizigo ikasukumwa dirishani. Marial, aliyekulia Kenya, alipodaka boksi la buluu, mkono mwingine ulikuwa umeshalishika.

“Bwana, hiyo iko na chanjo ya watoto. Wewe unaenda kuchanja nani?”

Alikuwa Keji, muuguzi wa zahanati moja ya mtaa wa Buluk. Alivaa gauni la kitenge cha manjano, viatu kavishika mkononi kuviokoa na matope, na Kiswahili chake kilikuwa cha Arua, Uganda, alikokulia.

“Malesh, samahani, dada. Nilidhani ni langu.”

“Nyinyi wa Kenya, kila kitu munadhani yenu.”

Akacheka. Marial akanasa hapo hapo.

Kazi yake ilikuwa kuandika programu, na lugha ya kompyuta iitwayo C alijifundisha mwenyewe. Akamtengenezea Keji king'ora cha friji ya chanjo: chipu ndogo isomayo kipimajoto, ipige kelele baridi ikipungua au kipimajoto kikichomoka. Kila jioni simu ililia.

“Umekula?” Keji angeuliza.

“Nimekula. Friji yako je?”

“Iko na baridi kuliko wewe.”

Lakini Marial alikuwa na fahari, na fahari haijui foleni. Aliwatuma baba zake wadogo mtaa wa Lemon Gaba, kwa baba yake Keji. Wakanywa chai, wakataja ng'ombe wa mahari, wakashikana mikono. Ndipo akapiga simu.

“Keji, utakubali nikuoe?”

Akasikia kiti kikiburutwa upande wa pili.

“Mpenzi, nakuuliza.”

“Wazee wamemaliza, ndiyo unauliza? Nikisema hapana, hiyo hapana utaiweka wapi?”

“Hapana ya nini? Najua unanipenda.”

“Haya. Jua.”

Akakata. Miezi miwili hakupokea simu, na Marial, kwa kiburi, akaacha kupiga. Chumbani kwake mtaani Thongpiny alikula mkate mkavu akisikiliza jenereta za jirani. Jioni aliiweka simu mezani, akaigeuza kifudifudi asiione ikinyamaza.

Siku ilipolia, sauti ya Keji ilikuwa ya kiofisi. “Bwana Marial, panya amekata waya ya kipimajoto, halafu umeme ikapotea, friji ikazima. King'ora yako haikulia. Chanjo yote nimetupa.”

Alishinda siku nzima juu ya programu ile. Swali lilikuwamo, kaliandika kwa mkono wake: kipimajoto kipo? Kama hakipo, lia. Akalijaribu kwenye kompyuta, likafanya kazi. Akafungua kilichoingia kwenye chipu. Swali halikuwamo.

Kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya mtu kuwa lugha ya chipu, ndiyo iliyolifuta. Chipu ilikuwa na nafasi finyu, kwa hiyo Marial aliiamuru ibane kila kitu. Nayo ikaona amesoma kipimajoto kwanza, kisha ndipo akauliza kama kipo. Ikawaza: mwenye kusoma ana hakika kipo, swali la nini tena? Ikalitupa bila kumwambia. Waya ulipokatika, chipu ikasoma namba ya ovyo, ikaidhania baridi njema.

Kompaila haikumdanganya. Ilimwamini.

Marial akaondoa mikono kwenye kibodi. Aliiona chai ya Lemon Gaba, na mikono ya wazee ikishikana.

Akapandisha swali likae kabla ya usomaji. Jumapili akaenda na baba yake mdogo Dau kwa baba yake Keji, wakaliondoa neno lao kwa heshima. Jumatatu akafika zahanati, akafunga chipu, akachomoa waya. King'ora kikapasua chumba. Keji akaziba masikio, akacheka, kisha akakumbuka kununa.

“Shida ilikuwa nini?”

“Nilitumia kwanza, nikauliza baadaye. Swali likafutwa.” Akarudisha waya, kelele ikakoma. “Wazee wamerudi nyumbani, Keji. Hakuna neno lolote kwa baba yako. Sasa nakuuliza. Utakubali nikuoe?”

Keji akafunga mlango wa friji.

“Ungeuliza hivi siku ile, ningesema ndiyo kabla hujamaliza.” Macho yake yalilowa. “Miezi miwili nimeitafuta hiyo ndiyo. Haiko tena. Hapana, Marial.”

Akamkazia macho, akingoja abishe.

“Nimesikia,” Marial akasema. Akakusanya bisibisi zake, akatoka.

Alipofika barabarani simu ikalia.

“Umekula?”

“Bado.”

“Kula,” Keji akasema, akakata taratibu.