Kambi ya Mtu Mmoja

"Umo humo ndani?" Fundi aliuliza akiwa mlangoni.

"Nimo. Vua viatu, usiniletee vumbi la saiti."

Sebule yote ilikuwa imemezwa na hema. Makochi yamesukumwa ukutani, meza imesimamishwa ubavu, na juu ya zulia limesimama hema dogo la rangi ya majivu, limelegea upande mmoja kama shavu la mtu anayeumwa jino. Kichwa cha mwanamke kikachomoza kwenye zipu.

Mtaa mzima ulimwita Mama Flashi. Alikuwa na studio ya picha kando ya barabara, aliyoifungua pamoja na mumewe. Kazi walishagawana zamani: mke alipiga picha za pasipoti, za harusi na za watoto wachanga, mume alifunga begi na kwenda kupiga milima. Miaka mitatu iliyopita mume alianguka palepale kaunta, moyo ukasimama. Picha zake za milima bado zilining'inia studioni, zikitazama wateja.

Fundi alikuwa fundi wa mapaa na rafiki wa marehemu. Pikapu yake ndiyo iliyokuwa ikimpeleka marehemu hadi chini ya milima na kwenda kumchukua. Baada ya msiba hakupotea kama wengine. Alikuja kuziba paa lilipovuja, akaja hata lilipokuwa halivuji. Na wiki iliyopita, akiwa ameshika kikombe cha chai ambacho hakukinywa, alimwambia Mama Flashi kwamba anataka kumuoa. Tangu siku hiyo hakumwita tena shemeji, na jina jingine alikuwa hajalipata.

"Kamba hizi umezifunga kama za viatu," alisema akipiga magoti. "Upepo wa mlimani ukija, hema litaondoka, wewe utabaki umeshika vigingi."

"Basi nionyeshe. Nionyeshe, usinifungie."

Akamwonyesha. Alifunga, akafungua, akamwachia kamba. Mama Flashi akakosea, akarudia, akapatia. Pembeni vitu vyake vilikuwa vimetandazwa: mfuko wa kulalia, jiko dogo la gesi, tochi ya kuvaa kichwani, stendi ya kamera, na betri za akiba alizozivisha soksi ya sufu ili baridi isizimalize. Fundi alijaribu kuinua begi.

"Humu umemfungia mtu?"

"Maji hayo. Kule juu hakuna."

"Sikiliza. Nitakupeleka, kisha nitakaa chini na pikapu. Hata hutaniona."

"Nitajua upo, Fundi. Nikijua upo, si peke yangu tena."

"Na huko peke yako kuna nini?"

Mama Flashi alikaa kitako mlangoni mwa hema. "Maisha yangu yote nimepiga watu. Nikibonyeza tu wananivamia: nimetokaje, mbona nimeonekana mnene, hebu futa hiyo. Nataka angalau mara moja nipige kitu kisichoniuliza kimetokaje. Na marehemu nilimwomba twende wote mpaka nikachoka. Kila mara jibu lilikuwa hilohilo: porini si mahali pa mwanamke, halafu nikiwa na mtu picha haziji."

Fundi alikuwa akikaza kamba ambayo tayari ilikuwa imekaza.

"Nakwenda palepale alipokuwa akipiga kambi. Ukingoni, juu ya bwawa. Nilale pale, nimuage vizuri. Nikirudi nitakujibu ulichoniuliza."

"Milima ni mingi. Kwa nini pale?"

"Kwa sababu ni pale."

"Pale pana upepo mbaya."

"Yeye alilala miaka yote, upepo haukumbeba."

"Chagua kwingine. Nakuomba."

Mama Flashi alimtazama. "Unamwonea wivu maiti?"

Fundi aliinuka, akavaa viatu vyake taratibu. "Labda," alisema, akatoka.

Habari ya mwanamke kulala porini haikai ndani ya nyumba moja. Siku ya pili simu ikatoa mlio wa meseji. Alikuwa wifi yake, dada wa marehemu, mshonaji mwenye duka mtaa wa nyuma.

"Wifi, nimesikia unakwenda kulala porini kama komba. Mjane mzima. Watu watasema umechanganyikiwa."

Akajibu: "Waache waseme wifi. Wakichoka watalala."

"Na mimi nitalala saa ngapi?"

Alicheka kidogo, akaweka simu, akaendelea kukunja nguo. Bado kitu kimoja. Kwenye lile eneo, asiyeomba ruhusa hufukuzwa, na namba ya askari wa msitu ilikuwa bado kwenye simu ya zamani ya marehemu. Aliipiga asubuhi, studio ikiwa haina mteja.

"Nataka kupiga kambi ukingoni, juu ya bwawa. Niko peke yangu."

"Ukingoni pale pana wenyewe, mama," askari alisema kwa uchangamfu. "Alikuwa anakuja bwana mmoja wa kamera. Siku nyingi sijamwona."

"Alifariki. Mimi ni mke wake."

Sauti ya askari ikashuka.

"Jamani. Pole sana, mama. Sikujua. Ndiyo maana hamkuonekana tena. Basi wewe si mgeni, njia unaijua. Kile kichemchemi mlichokuwa mnachota maji siku hizi kimekauka, uje na maji yako."

"Tulichokuwa tunachota?"

"Wewe na mzee. Nakumbuka ulivyokuwa ukicheka, mpaka tunakusikia huku kibandani. Ulinipiga picha siku ile nimebeba fimbo, ukaahidi kuniletea. Sikukudai, lakini sijasahau."

Mama Flashi alishika ukingo wa kaunta. Mwanamke mmoja aliingia na mtoto wa kupiga picha ya shule. Akamwonyesha kwa mkono, subiri.

"Afande," alisema, "huyo mwanamke alikuja mara ngapi?"

Askari alikuwa si mjinga. Alisikia neno "huyo", akaelewa alichokifanya.

"Mama... labda nimechanganya watu."

"Hujachanganya. Niambie tu."

"Kila alipokuja mzee, alikuwa naye. Nisamehe, mama."

"Huna kosa. Ahsante."

Akakata. Akampiga picha yule mtoto, akamwambia anyanyue kidevu, akamwambia atabasamu. Alipomaliza aligeuza kibao cha mlangoni kikasoma kimefungwa, akaenda kumtafuta Fundi.

Alimkuta juu ya paa la nyumba inayojengwa, akigongea bati. Jua lilikuwa kali na bati liliwaka.

"Shuka."

Fundi aliiona sura yake, akaacha nyundo hukohuko juu. Alishuka ngazi kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu.

"Mlikuwa mnampakia wapi?"

Fundi hakuuliza nani. Hilo peke yake lilimuumiza Mama Flashi kuliko jibu lolote.

"Kituo cha mafuta, ukitoka mjini," alisema. "Alikuwa anasubiri hapo."

"Siku zile unakuja kumchukua nyumbani, nakufungia chakula cha njiani. Ukipita hapo unasimama."

"Nilisimama."

"Mnakula watatu."

Fundi aliinamisha kichwa. "Shemeji..."

"Usiniite shemeji. Undugu huo ulikuwa wa kupitia kwake."

"Mara ya kwanza nilimwambia sipendi. Akaniambia ni mara moja tu. Baadaye nikajiambia nyumba ya mtu si yangu, nisiwe mimi wa kuivunja. Halafu akafariki."

"Na baada ya kufariki?"

"Baada ya kufariki nikakupenda. Sasa ningekwambiaje? Nimchafue maiti ili nimpate mke wake? Nilitaka ukinikubali unikubali mimi, si kwa sababu umemchukia yeye."

"Maneno mazuri," Mama Flashi alisema. Sauti yake haikupanda. "Umeyapanga vizuri kama bati zako. Lakini nikwambie lililonipata mimi. Miaka mitatu nimelilia mtu ambaye sikumjua. Naongea na picha zake ukutani. Wewe unakaa hapo, unakunywa chai yangu, unanitazama naongea nazo, na unajua. Uliyemlinda ni nani? Yeye keshakufa. Mimi hukunilinda. Ulijilinda mwenyewe."

"Kweli."

"Usinikubalie haraka hivyo."

"Sina la kukataa."

Mama Flashi alijifuta uso kwa kiganja. "Usije nyumbani. Paa likivuja nitaweka ndoo."

Mchana huo wifi alimkuta studioni, juu ya stuli, anashusha picha za milima moja baada ya nyingine. Wifi alikuwa amekuja na maneno yake tayari mdomoni, ya mjane na ya pori na ya watu. Aliona kuta tupu, akayameza.

"Kulikoni, wifi?"

Akamwambia, kwa maneno machache. Wifi alikaa kwenye kiti cha wateja, kile cha picha za pasipoti, chenye pazia jeupe nyuma yake.

"Sikujua," alisema. "Naapa kwa kaburi la mama yetu, sikujua. Ningejua ningemshona mdomo kwa mashine yangu."

"Najua hukujua. Wewe huwezi kutunza siri hata ya bei ya kitambaa."

Walicheka, wote wawili, kicheko kibaya kilichoishia kwenye machozi. Wifi alilia zaidi. Alikuwa anamlilia kaka yake kwa mara ya pili, na safari hii kulia kulikuwa na aibu ndani yake.

"Sasa safari imekufa," alisema baadaye, akipenga kamasi.

"Nami nilifikiri hivyo. Nimerudi nyumbani kufungua begi, nimeshindwa, nimekuja nalo. Mbona nimejifunza kufunga zile kamba? Mbona natamani? Nimekaa nikajiuliza, wifi: kule nilikuwa nakwenda kwa ajili yake, au kwa ajili yangu? Ukingoni siendi. Wabaki nao. Kuna kilima cha mawe nilikiona nikiwa kwenye basi siku nakwenda kupiga harusi ya mbali. Nilitaka kumwambia dereva asimamishe, nikaona haya. Nakwenda pale."

Wifi akasimama, akaliendea begi lililokuwa nyuma ya kaunta, akalipima kwa mkono.

"Mikanda hii itakukata mabega," alisema. "Nipe mpaka kesho niishone sponji. Na uniandikie huko kilimani ni wapi. Usiporudi siku uliyosema nakuja mwenyewe, na miguu yangu hii mibovu, na utanibeba."

Mama Flashi akaomba ruhusa kwa ofisi ya msitu ya upande ule, akapanda basi, na safari hii akamwambia dereva asimamishe.

Kupanda kulimtoa jasho. Mara mbili alitua begi akasema anarudi. Juu alikuta uwanda mdogo wa nyasi kati ya mawe, hana jirani, simu haina hata alama moja ya mtandao. Akasimamisha hema. Upepo ulilivuta huku na huku, lakini vigingi vilishika. Giza lilipoingia aliogopa kila kitu: jani, jiwe linalopoa, pumzi yake mwenyewe. Alimtukana marehemu kwa sauti, matusi ambayo hakuwahi kumtamkia akiwa hai, kisha akamwombea. Katikati ya hayo usingizi ukamchukua.

Alfajiri bonde lilikuwa limejaa ukungu hadi shingoni mwa vilima. Alisimika stendi. Alisubiri. Jua lilipotokeza, ukungu ulipasuka mahali pamoja tu, na ndani yake ukaonekana mti mmoja na kipande cha njia. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Hapakuwa na wa kumwambia "tazama", na kwa mara ya kwanza tangu msiba hilo halikumuuma. Akachemsha chai, akainywa yote ikiwa ya moto.

Aliporudi mjini hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda kwa Fundi, na begi mgongoni, na matope kwenye viatu. Fundi alikuwa uani ananoa msumeno. Aliinuka haraka mpaka kigoda kikaanguka.

"Umerudi salama."

"Nimerudi. Kaa."

Fundi akakaa kwenye gogo la kukatia mbao, kigoda kikabaki kimelala chini. Yeye akabaki amesimama.

"Sikuja kugombana. Nimekuja na swali moja. Kuna jambo jingine lolote unalolijua, linalonihusu, ambalo mimi silijui? Fikiri kabla ya kujibu."

Fundi alifikiri. Angeweza kusema hakuna, na jambo likaisha hapo. Mama Flashi aliuona mlango huo wa kuponea umefunguka mbele ya Fundi, akaona pia jinsi Fundi alivyoutazama.

"Lipo," Fundi alisema. "Yule mwanamke alikuja mazishini. Alisimama nyuma, kule kwa wanaume. Nilimfuata nikamwomba aondoke kabla hujamwona. Alikuwa analia. Nilimpeleka hadi kituo cha basi kwa pikapu, nikarudi kuchimba kaburi. Ndiyo maana siku ile nilichelewa, ukaniuliza nilikuwa wapi, nikakwambia tairi."

Mama Flashi alifumba macho. Alikumbuka lile jibu la tairi, na jinsi alivyomwonea huruma.

"Lingine?"

"Hakuna lingine. Hilo ndilo la mwisho, na ndilo lililokuwa likininyima usingizi."

"Ukijua jambo linalonihusu, Fundi, uniambie. Hata kama litaniua. Ukinificha tena, hata kwa wema, sitapiga kelele. Nitafunga begi tu, na sasa najua kulibeba."

"Nimeelewa."

"Na milimani nitakuwa nakwenda. Peke yangu."

"Nimeelewa."

Alitua begi chini. Mabega yalimuuma, lakini hayakuwa na alama. Wifi alikuwa ameshona vizuri. Akakiinua kile kigoda kilichoanguka, akakisogeza karibu na Fundi, akakaa.

"Nilisema nikirudi nitakujibu ulichoniuliza. Jumapili mama yako atakuwepo nyumbani kwake?"

Fundi alimtazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali.

"Atakuwepo."

"Mwambie tutakuja," Mama Flashi alisema. "Mimi na wewe, wote wawili."