Mgeni wa Chumba cha Arobaini

Mto wa katikati ulikuwa umebonyea.

Kasoro hiyo ilikuwa ndogo, na mtu asiye na mazoea ya kukagua asingeiona. Picha ilirudi siku ya Alhamisi, muda mfupi baada ya adhuhuri, katika ofisi ya usanifu wa majengo ya Mastura, ghorofa ya kwanza, Ngamiani, mjini Tanga. Ilionyesha chumba ambacho bado hakijajengwa: kuta za chokaa, dirisha la mbao linalotazama pwani ya Kigombe, kitanda kilichotandikwa shuka jeupe, na mkeka wenye sinia na mito mitatu. Miwili ilikuwa imejaa. Wa katikati ulikuwa na shimo, kana kwamba mtu aliyeukalia ameinuka muda huohuo.

Mastura alimwuliza Eliudi, mchoraji wake, kama ndivyo alivyouchora. Eliudi alikana. Mito yote mitatu, alieleza, ilikuwa mto mmoja alioutengeneza na kuunakili mara mbili. Ukibonyea mmoja, sharti ibonyee yote. Alifungua mfano wa nyumba kwenye kompyuta, na kweli yote ilikuwa imejaa sawasawa.

"Labda wamechoka huko walikoipika picha," alisema akicheka. "Mtu amepumzika kidogo."

Ofisi ilikuwa imeanza kazi ya namna hiyo mwezi huo tu. Kompyuta yao ilikuwa nzee, na picha moja inayofanana na ya kamera ingeihangaisha siku nzima. Kwa hiyo Eliudi alijisajili kwenye huduma ya wingu. Mfano wa nyumba unaandaliwa ofisini, unachaguliwa mwelekeo wa jua, rangi ya kuta na mahali pa kutazamia, kisha unatumwa kwa mtandao kwenye mitambo mikubwa iliyoko nchi za mbali, ambayo hukokotoa mwanga na kivuli na kurudisha picha baada ya dakika chache. Eliudi alijifunza kwa utaratibu. Alianza na picha ndogo za majaribio, akaweka alama ya kiwanja mahali pake hasa kwenye ramani ya dunia, akasimamisha jua la saa saba mchana, na ndipo akathubutu kuomba picha kubwa.

Samani ndizo zilizomsumbua. Ghala la huduma ile lilikuwa limejaa makochi ya ngozi na meko za kuotea moto. Alisema meko zingemfaa mama yake kule Lushoto, si mtu wa Kigombe. Akaamua kutengeneza zake. Katika nyumba aliyopanga Mikanjuni palikuwa pamechezwa ngoma ya pepo mwezi uliotangulia, naye, kupitia mlango uliokuwa wazi, aliona sinia lililopambwa akalipiga picha kwa simu bila kumwuliza mtu. Yeye Mlutheri wa milimani aliona uzuri tu. Alilichonga kwenye kompyuta kitu kwa kitu, bila kupunguza wala kuongeza: chetezo kinachofuka udi, mrashi wa maji ya waridi, halua iliyokatwa vipande saba, zabibu, mayai mawili, asali katika kikombe, na kitambaa chekundu kilichokunjwa. Aliliweka sinia lote juu ya mkeka, mbele ya mlango aliouacha wazi ili mwanga uingie.

Sinia la namna hiyo huitwa chano, na huandaliwa pepo aliyealikwa kwa jina lake. Mastura, mzaliwa wa Tanga, alilitambua mara tu alipoliona kwenye kioo cha kompyuta. Huo ndio ukweli, na baadaye hakujaribu kuukwepa. Alilitambua, akapima, akaona kwamba udi usiofuka hauna harufu na halua isiyolika haina mlaji. Akaruhusu.

Sasa aliupima mto. Inawezekana mitambo ya huko ilikosea hesabu. Inawezekana faili lao lilichanganyika na la mteja mwingine. Hoja zote mbili zilijaribika kwa njia moja, yaani kutuma upya mfano uleule bila kugusa kitu. Picha ya pili ilirudi baada ya dakika kumi na mbili. Mto ulikuwa umebonyea zaidi, na vipande vya halua vilikuwa sita.

Hakuna aliyecheka. Eliudi alihesabu mara tatu kwa ncha ya kalamu, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ile picha ya kwanza alikuwa ameshamtumia Najat.

Najat ndiye mwenye chumba. Alikuwa binti pekee wa Bi Zuwena, mjane wa Chuda aliyewapa kazi hiyo, naye alikuwa amekwisha kupoteza mimba mbili. Ya tatu ilikuwa imetimiza miezi mitatu. Bi Zuwena aliapa kwamba mtoto huyu atalelewa siku zake arobaini juu ya ardhi ya babu yake, Kigombe, katika chumba ambacho hakijawahi kuliliwa na mtu, na kila fundi aliyezungumza naye aliambiwa kwamba nyumba lazima iishe kabla ya siku ya kujifungua. Eliudi, kwa kutaka kumfurahisha mgonjwa aliyeagizwa kulala, alimtumia kiungo cha kufungulia kwenye simu, ili aweze kukizunguka chumba chake kwa kidole, kona hadi kona.

Ijumaa ofisi ilinuka udi. Mastura alishuka chini kwa muuza vitenge, akauliza, hakuna aliyefukiza. Alifungua madirisha. Harufu haikutoka, bali ilisogea, ikakaa nyuma ya kiti cha Eliudi. Kompyuta nayo ilikuwa ikiunguruma kama inayobeba mzigo mzito, na hilo ndilo lililomtia Mastura wasiwasi kuliko harufu, kwa sababu kazi yote ilikuwa ikifanyika mbali, na mashine ya ofisini haikuwa na lolote la kuihangaisha isipokuwa kusubiri.

Alimwagiza Eliudi afute chano chote, afunge mlango wa chumba, atume. Eliudi alifuta. Mlango ukafungwa. Jua la nje lilikuwa limesimama utosini, saa ile ambayo wazee wa pwani hawapendi watoto wawe barabarani, na wote wawili walikaa wakitazama picha ikijitokeza kwenye kioo kidogo kidogo, kutoka ukungu hadi uhalisia, kwanza dari, kisha dirisha, kisha kitanda, na juu ya kitanda, juu ya lile shuka jeupe ambalo halikuwa na mtu wala kivuli cha mtu katika mfano walioutuma, mwanamke aliyeketi akiwapa mgongo, nywele zake zikiwa zimemwagika hadi kwenye godoro, mkono wake wa kulia umeinuliwa na kushika kitana chekundu chenye jino moja lililovunjika, na mlango ambao Eliudi aliufunga kwa mkono wake ulikuwa wazi.

Eliudi aliondoka kwenye kiti, akasimama ukutani. Mastura hakumtumia mtu picha hiyo. Aliihifadhi kwenye kompyuta ileile, akaifuta kule kwenye huduma pamoja na kiungo cha Najat, ndipo akazima mtandao. Alijaribu mwenyewe kukifungua kwa simu yake. Kikaandika kwamba picha haipo tena.

Saa tisa Bi Zuwena alipiga simu. Najat alikuwa ameanza kuona damu.

Daktari alikwisha kuja na kutoka, Mastura alipofika Chuda. Daktari alikuwa amesema mimba bado imeshika, alale, asisumbuliwe. Mwanamke aliyepoteza mbili huweza kuiona damu bila sababu nyingine. Hoja hiyo ilikuwa na uzito na Mastura aliipa uzito wake. Lakini Najat alikuwa amelala akiwa ameikumbatia simu, na alikuwa akitabasamu kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mkubwa.

"Tangu jana haiweki chini," mama yake alinong'ona. "Nikimwambia ale, anasema mwenyeji hajamaliza kula."

Mastura aliketi pembeni ya kitanda, akaomba aione simu. Kioo kilikuwa cheusi, na juu yake yale maandishi madogo kwamba picha haipo.

"Najat, unaona nini hapo?"

"Anachana nywele, dada." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Kitana chake kizuri, chekundu. Kimekatika jino."

Mastura aliushika mkoba wake. Picha ile ya mwanamke ilikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya kompyuta isiyo na mtandao, nyuma ya mlango uliofungwa kwa ufunguo uliokuwa mkobani mwake.

"Anauliza ni nani aliyemwandalia," Najat aliendelea, polepole, "maana anataka kumshukuru. Na anasema chumba ni kimoja, na watoto hawawezi kuwa wawili, wake na wangu, kwa hiyo wangu nimtoe."

Bi Zuwena aliziba mdomo kwa upande wa kanga. Hakulia. Alimgeukia Mastura, akasema kwamba Mwera, upande wa Pangani, kuna mtu ajuaye mambo ya pepo.

Bi Tausi aliletwa ofisini Jumamosi asubuhi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na duka la nguo za watoto, na alipopewa shikamoo aliitikia huku akizikagua nyaya za ofisi kama mtu aliyekuja kuzinunua. Hakuanza na ubani. Alianza na maswali. Nani aliliona sinia, nani alilichonga, mlango ulitazama wapi, jua lilikuwa saa ngapi, kiwanja kilitajwa au hakikutajwa. Mastura alijibu yote, na alipofika kwenye sehemu yake mwenyewe alisema wazi kwamba alikijua chano akakiacha.

"Wewe wa milimani nimekusamehe," Bi Tausi alimwambia Eliudi. "Kwenu baridi, hata mashetani yamejifunika blanketi. Ila huyu mwenzio ni wa hapahapa." Akamgeukia Mastura. "Umeandaa kamili, umefungua mlango, umeonyesha na kiwanja, jina hukutaja. Aliyekuwa karibu, mwenye njaa, ameingia. Kosa lake liko wapi?"

Mastura alisema kwamba vilikuwa vitu vya kuchora, havina mwili.

"Na yeye anao?"

Mastura aliuliza kama anaweza kufukuzwa.

"Mgeni uliyemwita mwenyewe humfukuzi. Unamhamisha. Mpe pake, palepale kiwanjani, mlango utazame maji, umpelekee chano chake huko. Ukubali kwa mdomo wako. Halafu tuma."

Eliudi aliwasha mtandao, akaketi tena kwenye kiti chake; mistari miwili ya kwanza aliifuta. Alichora kibanda kimoja karibu na ukingo wa pwani, futi saba kwa sita, mlango mmoja wa kuelekea baharini, bila dirisha. Ndani yake alikirudisha chano, na safari hii halua ilikuwa vipande saba tena. Kibanda hakukiweka kwenye ramani za ujenzi. Kilikaa ndani ya mfano wa picha peke yake, na Mastura alilihakikisha hilo kwa macho yake, kwa kuwa ramani za Kigombe zilikuwa zimekwisha kugongwa muhuri.

Bi Tausi aliweka makaa kwenye kifuniko cha bati, akanyunyiza ubani, akasoma kwa sauti ya puani isiyopanda wala kushuka, na kompyuta ikaanza kuunguruma kabla haijaguswa, na harufu ya udi ikatoka nyuma ya kiti ikaja ikasimama kati yao watatu, ikiwa na kitu kingine ndani yake, kama nywele mbichi zilizoloa maji ya chumvi, na Mastura, aliyekuwa ameshika kipanya kwa sababu Bi Tausi alikataza mtu mwingine asikishike, aliinama akasema alichofundishwa, kwamba yeye ndiye aliyemwandalia, kwamba chumba kile kina mwenyewe, kwamba hiki kingine ni chake na hatanyang'anywa, na alipobonyeza alihisi pumzi ya baridi ikimpita sikioni, ikielekea kwenye kioo, taratibu, kama mtu mzima anayevuka kizingiti asichokizoea.

Picha ilirudi baada ya dakika nane. Chumba kilikuwa kitupu, mito yote mitatu imejaa. Huko nje, karibu na maji, kibanda kilionekana kidogo katika mwanga mkali, na mlango wake, ambao Eliudi aliuchora wazi, ulikuwa umefungwa.

Bi Zuwena alipiga simu kusema kwamba Najat ameiweka simu chini, ameomba uji, amelala. Damu haikurudi. Daktari alisema ndivyo alivyotarajia, na Mastura hakumpinga, kwa kuwa hakuwa na ushahidi wa kumpinga nao.

Wiki tatu baadaye alikwenda Kigombe kukagua upimaji wa msingi. Zabron, mwashi aliyekuja na watu wake kutoka Muheza siku hiyohiyo, alimpokea akiwa na ramani mkononi na uso wa mtu asiyependa kuvunjiwa utaratibu. Alisema anaomba aelezwe jambo moja. Ramani inaonyesha nyumba moja, naye amekuta msingi mwingine umeshachimbwa kule chini, na kama dada amempa kazi fundi mwingine ni vyema angemwambia.

Mastura aliteremka naye. Mtaro ulikuwa wa pembe nne, kingo zimenyooka kama zilizokatwa kwa kisu, na udongo uliotolewa haukuonekana popote, si pembeni, wala ufukweni. Upande wa baharini paliachwa nafasi ya mlango mmoja. Alimwomba Zabron futi, akapima mwenyewe, akapima tena kwa kuanzia upande wa pili. Saba kwa sita.

Aliyatafakari yaliyowezekana. Eliudi hakuwahi kutoka Tanga mjini tangu siku ile. Picha haikuonyeshwa kwa mtu. Wenyeji walioulizwa na Zabron walisema juzi hapakuwa na kitu. Na Najat, ambaye mimba yake sasa ilikuwa inaingia mwezi wa tano, angeletwa hapa kulazwa hatua hamsini tu kutoka pale, yeye na mtoto mchanga, kwa siku arobaini.

"Tuufukie?" Zabron aliuliza. "Vijana watamaliza kabla ya chakula."

Mastura alikuwa bado ameshika futi. Aliikunja taratibu, akamrudishia.

"Msiufukie," alisema. "Anza na kibanda hiki."