Nyama ya Koo la Robow

Mtoto wa Sahro alikoroma kuliko lori la baba yake, na majirani wa Kulamawe walicheka, maana kucheka ni bure. Sahro hakuogopa mkoromo. Aliogopa ulipokatika. Robow akisinzia mchana mkekani, kifua kinavuta lakini pumzi haiji, na kwenye ule ukimya kuna mwingine anayepumua, taratibu, kama aliyeshiba. Inafuata harufu ya manyoya ya mbuzi yaliyoungua. Halafu mtoto anashtuka, anavuta hewa, anaanza upya.

Daktari Mawira alimulika koo. "Mafindofindo yamevimba, na nyuma ya pua kuna nyama imeziba njia. Tutamlaza kwa dawa ya usingizi, tuitoe. Usikawie, mama. Siku moja pumzi itakatika isirudi."

Mume, Mohamednoor, alikuwa huko Garbatulla akipakia mbuzi, simu haishiki. Mama mkwe, Jawahir, akasonya.

"Mtoto akatwe koo kama kondoo wa Idd? Wacha hiyo. Ita maalim."

Maalim Doyo akaja, akasoma, Robow amelala mapajani mwa mamake. Pumzi ilipokatika, midomo ya mtoto haikucheza, lakini sauti ya mtu mzima ikatoka kooni.

"Sahro. Mimi ndiye humrudishia pumzi. Mkimlaza kwa dawa hiyo, nitamwacha huko huko usingizini."

Msahafu nusura umponyoke maalim. "Jini amekaa kwenye hiyo nyama," akanong'ona. "Nimesoma, hatoki."

"Sasa nifanye nini, maalim?"

"Sijui, dada. Wallahi sijui."

Akaenda zake, viatu mkononi. Wanaume hao.

Tangu hapo Sahro akawa mfungwa wa mkeka. Akienda kuteka maji anarudi mbio, akipika anaacha ugali unaungua, maana mtoto husinzia popote, hata na kijiko mdomoni, na kila pumzi ikikatika lazima amtikise, na kila akimtikisa yule mwingine anacheka kidogo, ndani ya koo la mwanawe mwenyewe, kama anayesema tutaona nani atachoka kwanza.

Ndipo akili ikamrudia. Mpangaji akikutisha usibomoe chumba, jua amekipenda chumba.

"Akatwe," akamwambia Jawahir.

"Akifa?"

"Hapa pia anakufa, mama. Polepole tu."

Hakufa. Daktari alitoka anafuta jasho, akasema mtoto ameamka, anataka maji. Sahro akakaa chini sakafuni pale pale.

Jawahir hakukaa. "Hiyo nyama iko wapi? Kitu cha mwili wetu hakitupwi jalalani. Kitovu tumezika, nywele tumezika." Akamfokea nesi Natabo mpaka akapewa kwenye chupa, ili aache kelele.

"Mama, tuiache hapa," Sahro akasema kwa sauti ndogo.

"Kisu umeamua wewe. Hii niachie mimi."

Sahro akamwachia. Alikuwa ameshinda kubwa, akaona hii ni ndogo.

Nyumbani Robow akalala kimya, mdomo umefungwa, kama mtoto wa watu wengine. Sahro hakulia, alifua nguo zote, akaanika, akashika ufagio. Jawahir alikuwa uani anaosha jembe.

"Umezika wapi, mama?"

"Hapo mlangoni. Waliotutangulia walizika hapo, tukanyage, tubarikiwe."

Sahro akageuka. Jua kali, hakuna upepo, hata kuku wamejificha, na ile harufu ya manyoya yaliyoungua ikamjia puani kabla macho hayajaona, kisha yakaona: udongo mbichi mbele ya kizingiti uliinuka, ukashuka, ukainuka tena, taratibu, kama tumbo la mtu aliyeshiba, na ukashuka, na safari hii haukuinuka, ukakaa vile, unangoja, na kutoka ndani ya nyumba akasikia miguu midogo ikishuka kitandani.

"Mama," Robow akaita, sauti safi kabisa, "nakuja!"

Nyumba ile ina mlango mmoja.